Kocha Asiyeruhusiwa Kunitazama

Nilipofiwa na mume wangu, usingizi ulinihama, na kilichoniletea usingizi tena kilikuwa kukimbia. Sikupanga. Asubuhi moja nilichoka kugeukageuka kitandani, nikavaa raba za binti yangu, nikatoka kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa hapa kwetu Kamembe, na hapo nikakutana na kikundi cha watu wa rika langu wakikimbia taratibu huku wakiimba. Nilidhani nitaishia kona ya kwanza. Nikaenda nao mpaka mwisho, nikarudi nyumbani hoi, na jioni ile nililala bila kujua nimelalaje.

Tangu hapo sijaacha. Nauza vitenge sokoni, na wateja wangu wanajua kwamba Jumapili asubuhi hawanipati hata kama wana harusi mchana. Nimevuka miaka sitini. Mtu akiniambia kwamba kwa umri wangu nipumzike, humwuliza kama kaburi tayari amenichimbia. Nina mdomo, ndiyo. Mume wangu alikuwa akisema kwamba wateja hununua kitenge ili ninyamaze.

Sasa mwaka jana klabu yetu ikaamua jambo. Tulizoea kukimbia juu huku Kamembe, ambako barabara haina ubaya. Safari hii tungeshuka mpaka Cyangugu ya zamani, chini kabisa ziwani, karibu na mpaka wa nchi mbili, tuwapokee wenzetu wa Bukavu wanaovuka daraja kutoka upande wa pili, kisha tupande nao wote mpaka Kamembe bila kusimama. Anayeujua mlima ule anajua kwamba hata malori huupanda yakilalamika. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Nilisoma na baadhi ya wale wamama, na sikuwa tayari wanione nikipanda kwa mikono na magoti. Nikasema nitatafuta kocha.

Kocha wa kwanza nilimchagua kwa mikono yake. Alikuwa na chumba cha mazoezi ghorofani, redio kubwa mlangoni, na mikono iliyojaa mpaka shati likaomba msamaha. Hakuniuliza chochote. Aliniambia tu, "Maman, hapa hakuna muzee. Hapa beko batoto tupu." Nilifurahi kama mjinga kuitwa mtoto. Alinipandisha juu ya sanduku la mbao na kunirukisha chini, juu, chini, kwa mwendo wa muziki, na kila nilipotaka kupumua akapiga makofi. Siku moja katikati ya kuruka nikasikia kitu kimenigonga nyuma ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino. Niligeuka nimwone aliyenirushia jiwe. Hapakuwa na mtu nyuma yangu.

Hospitalini nilipelekwa kwa kine, yaani yule mtaalamu wa kunyoosha viungo. Alinilaza kifudifudi, akanikamua shavu la mguu, akaniambia kwamba ule mshipa mnene unaoshika kisigino umechanika kidogo lakini haujakatika. Utapona, alisema, ila ukirudi kuchanika, kwa umri huu, habari ya kukimbia itakuwa imekwisha. Alilisema lile neno la mwisho huku akinawa mikono, kama anayesema kwamba leo mvua itanyesha. Nilitoka pale nikachechemea mpaka kwenye kituo cha pikipiki, na nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nimeipata tangu msiba. Sikuogopa kuchechemea. Niliogopa zile saa za kugeukageuka kitandani.

Nilipumzika nilivyoagizwa. Mguu ulipotulia, yule kine akasema sasa nitafute mtu wa kuniongoza nirudi polepole, na akanipa ushauri ambao ningeupata mapema ungenifaa. Kocha wa mtu mzima, alisema, huonekana kwa maswali yake. Akikuvusha mlangoni na kukuamuru kuruka kabla hajajua unameza dawa gani, uliwahi kuumia wapi na unalalaje, wewe geuka urudi nyumbani.

Basi nikaanza kuwapima makocha jinsi wateja wanavyopima vitenge vyangu, kwa kugeuza upande wa ndani. Nilikuwa naingia, nakaa, nanyamaza, jambo lisilo rahisi kwangu, nikisubiri waniulize. Kijana mmoja wa ufukweni, nilipomwambia nina kisigino kibovu, alinijibu kwamba woga ndio unaoniumiza. Mama mwingine, mwembamba na mwenye saa ya kisasa mkononi, alizungumza juu ya mwili wake mwenyewe mpaka nikasikia njaa. Nilirudi nyumbani mara zote hizo bila kuvua hata koti.

Rafiki yangu mmoja wa klabu, mjane kama mimi, anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, sokoni, alinitazama nikihangaika mpaka akachoka.

"Koche eko mu famiye yako," aliniambia, "na weye unaendaka kutafuta mwingine inje."

"Ule ni bokilo wangu."

"Njo maana eko muzuri. Atakuheshimia mupaka muguu."

Alikuwa anamsema mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, na jioni huwafundisha watu wazima, wenye viuno vigumu na magoti ya kelele, na watu humsifu mpaka mbali kule Gitambi. Nilikuwa najua hayo yote. Lakini kwetu sisi Washi wa Bukavu, na kwa Wanyarwanda wengi wa huku pia, mama mkwe na mkwe wa kiume si watu wa kuzoeana. Tangu siku ya harusi hatukuwahi kupeana mikono. Tukikutana njiani alinipisha na kunisalimu akitazama chini. Nikienda kwao nilipita mlango wa nyuma, na yeye akisikia sauti yangu alitokea wa mbele. Sikula mbele yake, na yeye hakuthubutu kukaa kwenye kiti nilichokalia. Najua siku hizi kuna wamama wanaopiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, na sina ugomvi nao. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye, kwa bahati mbaya ya kisigino changu, alilelewa vizuri kuliko mimi.

Mtu wa namna hiyo ataniamuruje nichuchumae? Nami nitavaaje suruali ya mazoezi mbele yake nikainua miguu? Nilipowaza tu nilijifunga kitenge kingine juu ya kile nilichovaa.

Halafu jioni moja binti yangu akaja kunitembelea, akaanza maswali. Raba zangu zimelika upande gani wa kisigino. Nikiamka asubuhi, hatua za kwanza ndizo zinazouma, au maumivu huja baadaye. Dawa ya presha nameza saa ngapi, na je, huwa napata kizunguzungu nikiinuka haraka. Sokoni nasimama au nakaa. Nilimjibu moja baada ya jingine huku nikichambua maharage, mpaka mkono wangu ukasimama wenyewe.

"Hayo maswali si yako," nilimwambia.

Binti yangu akacheka. Alinionyesha kwa kidevu upande wa barabara. Mumewe alikuwa amesimama kule chini, kwenye ua wa jirani, ametupa kisogo, akitazama ziwa kana kwamba ameliagizia kitu.

"Eko anangoya majibu," alisema.

Nilikasirika kidogo, kwa desturi yangu, kisha hasira ikaisha nikiwa bado nimekunja uso. Katika mji mzima huu, mtu pekee aliyeniuliza yale niliyoambiwa kocha mzuri huuliza alikuwa yule asiyeruhusiwa kuniuliza. Nikamwambia binti yangu akamwambie kwamba nimekubali, lakini adabu itabaki adabu.

Wakatengeneza mpango ambao sijausikia popote pengine. Nilikuwa nakwenda kwao alasiri, uani nyuma ya nyumba, mahali penye udongo mgumu uliofagiliwa. Binti yangu alisimama mbele yangu akinionyesha mazoezi ambayo mumewe alikuwa amemfundisha. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kigoda nyuma ya kona ya nyumba, mgongo kwetu, na alichotaka kusema alimwambia mkewe, naye mkewe aliniambia mimi, ingawa sote tulikuwa tumeshasikia.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kusimama kwenye ngazi ya jikoni kwa ncha za vidole, kujiinua, kisha kushusha visigino taratibu. Niliona ni mchezo wa watoto. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Ambia Maman ashuke malembe, polepole. Muguu wa kushoto unaanguka mbio kupita wa kuume."

Nilimtazama binti yangu, naye akanitazama. Nikachungulia nione kama ameweka kioo mahali. Alikuwa amekaa vilevile, uso ziwani. Alikuwa anasikiliza. Kwa kuwa hakuweza kunitazama, alisikiliza raba zangu juu ya simenti, na baadaye nilipoanza kukimbia kuizunguka nyumba alisikiliza nyayo zangu juu ya udongo. Mguu unaoumwa, alimweleza mkewe, hukanyaga kwa aibu, na ule mzima hukanyaga kwa nguvu ili kuficha, kwa hiyo mwendo unakuwa na sauti mbili. Siku nyayo zitakaposikika sawasawa ndiyo siku tutakapoongeza.

Hakuwa na haraka, na mimi haraka ndiyo tabia yangu. Siku ya kazi ngumu ilifuatwa na siku ya kupumzika, na ya kupumzika maana yake kupumzika, si kubeba marobota ya vitenge kutoka stoo. Kabla ya kukimbia tulitembea mpaka mwili upate joto. Maumivu yanayopungua mwili ukipata joto tuliyavumilia, yanayozidi tuliyatii. Sheria hiyo ilinishinda, kwa sababu kila nilipoulizwa kama naumwa nilijibu hapana. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu, hata kwa daktari wa meno.

Sasa fikiria tabu yake. Anasikia wazi kwamba naumwa, lakini hawezi kumwambia mama mkwe kwamba anasema uongo. Hata mkewe hakuthubutu kulipitisha neno hilo. Basi sauti ikasema nyuma ya kona, "Ambia Maman leo tunaachia hapa. Mimi nimechoka."

Mtu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda muda wote.

Ilinichukua muda kuelewa. Mara zote nilizodanganya, yeye alichoka. Siku nilizokuwa mzima kweli, hakuchoka hata kidogo, na alituzungusha nyumba mpaka binti yangu, aliyekuwa na mimba, akaomba kukaa. Nilipogundua, nilikuwa njiani kurudi nyumbani, na nilisimama pale barabarani nikacheka peke yangu, kisha nikaona macho yamelowa. Mume wangu pekee ndiye aliyewahi kunitunza bila kuniaibisha.

Mguu ukapona. Nasema ukapona kwa maana nyayo zilisikika sawasawa, na nikarudi kwenye klabu, na shavu la mguu wangu likawa gumu kuliko lilivyokuwa nilipokuwa msichana. Nilianza hata kuringa sokoni.

Jumapili ya mlima ilipofika, binti yangu alikuwa mzito, karibu kujifungua, kwa hiyo alibaki Kamembe kutungojea na maji. Klabu ilikuwa imemwomba mumewe akimbie mwisho kabisa, asibaki mtu nyuma. Hilo lilinifaa. Yeye nyuma, mimi mbele, heshima haijaguswa.

Tulishuka vizuri. Chini ziwani tukawakuta wenzetu wa Bukavu wamekwisha kuvuka, tukapiga kelele za salamu na kuulizana habari za watoto na za waliotangulia mbele ya haki, na mmoja niliyesoma naye akaniambia, "Weye, bado uko unakimbia kama hauna mukubwa wa kukukataza." Nilimjibu kwamba mkubwa ni mimi, na nitamsubiri huko juu. Tukaanza kupanda tukiimba, kiongozi anatoa wimbo, sisi tunaitikia kwa miguu.

Kwenye kona ya kwanza kali, kisigino kikaanza kusema. Nikajiambia kitapata joto kitanyamaza. Kwenye kona iliyofuata hakikunyamaza, kilizidi, na nilijua sheria inasemaje, lakini yule mama wa Bukavu alikuwa mbele yangu kidogo tu, na alikuwa akihema vibaya. Nikaongeza mwendo.

Nikasikia nyayo za mtu nyuma yangu zikisogea. Kisha sauti, iliyoelekezwa hewani, kwa kuwa mkewe hakuwepo wa kuambiwa.

"Mimi nimechoka," alisema.

Nilielewa kila kitu, na nikaendelea kukimbia.

"Nimechoka kabisa," alisema tena, kwa nguvu zaidi. Wamama wawili wakageuka kumtazama, kijana kama yule mwenye kifua kipana. Nami nikawaza, basi kaa upumzike.

Hapo ndipo aliponipita, akageuka, akasimama mbele yangu katikati ya barabara. Hakutazama chini.

"Maman, musimame."

Nilisimama kwa mshtuko, si kwa utii. Katika miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kuniambia hata nimpishe. Watu walitupita pande zote mbili wakiimba, na wengine wakapunguza sauti walipotuona. Damu ilinipanda kichwani.

"Unaniamuru?"

"Njo, Maman. Ninaamuru." Alirudi nyuma hatua moja, lakini hakunipisha. "Kama munaendelea mupaka juu, ule mushipa unakatika, na hamutakimbia tena. Hata mwaka kesho, hata siku ingine. Munaweza kunikasirikia. Lakini musimame."

Sijui kwa nini hasira haikutoka mdomoni. Pengine ni kwa sababu niliona alikuwa anaogopa kuliko mimi, na kilichomtisha hakikuwa ulimi wangu. Mkwe anayemzuia mama mkwe barabarani mbele ya watu wa nchi mbili hana pa kujificha baadaye. Alikuwa ameiweka heshima yake yote chini pale kwenye lami kwa ajili ya kisigino cha mwanamke mmoja mkaidi.

Nikajikokota mpaka ukingoni, nikaketi kwenye ukuta wa mtaro, nikavua raba, nikavua na soksi.

"Angalia," nilimwambia.

Alitazama ziwa.

"Nakuambia uangalie. Shika uone imekuwaje."

Alichuchumaa mbele yangu. Aliuliza mara ya pili kama nimeruhusu, nikasema nimeruhusu, na akaukamata mguu wangu kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya mshipa, polepole, kutoka shavu la mguu kuja chini. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja aniambie umekwisha. Mwisho wa kikundi ulikuwa umetupita na nyimbo zilikuwa zinasikika kwenye kona ya juu.

"Haukukatika," alisema. "Umekasirika tu. Ukipumzika, utatulia."

"Nitakimbia tena?"

"Mutakimbia, Maman. Leo njo hapana."

Nililia. Sikujificha kwa kitenge wala kwa mkono. Yeye alibaki amechuchumaa pale, akanisaidia kuvaa soksi kama anavyovalishwa mtoto wa shule, kisha akanipa bega lake nishike, na tukaupanda mlima ule kwa kutembea, kwa muda mrefu, tukizungumza juu ya jina la mtoto anayekuja. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza bila mtu katikati. Binti yangu alipotuona tunatokea, mkono wangu begani kwa mumewe, aliweka chupa za maji chini na kujishika mdomo.

Jumanne alikuja kwangu. Binti yangu hakuja naye. Alibisha mlango wa mbele, akaingia, akaomba nisimame kwenye ngazi ya jikoni nijiinue kwa vidole vya miguu. Yeye akasimama mbele yangu, mikono nyuma, macho miguuni pangu.

"Inauma?" aliuliza.

"Hapana," nilisema.

Akainua macho, akanitazama usoni.

"Munadanganya, Maman."

Nikashusha visigino taratibu mpaka vikagusa ngazi. Nikainama, nikamwonyesha mahali panapouma.